Joho Nililomvika Macha

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Ó Maoláin, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na ndugu wageni waalikwa, na wewe, Mwalimu Sorcha, unayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutufundisha kuchora:

Jina langu ni Líadan, wa kidato cha tano. Wengi wenu hamjawahi kusikia sauti yangu, si kwa Kiayalandi wala kwa Kiingereza. Mnivumilie.

Nani hapa Armagh hamjui Macha, mwanamke wa hadithi za kale aliyeupa mji huu jina lake? Mume alijigamba kwamba mkewe huwashinda mbio farasi wa mfalme, mfalme akakasirika, na mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa akalazimishwa kushindana na farasi huku watu wakitazama. Akawashinda, akajifungua mapacha palepale walipomalizia mbio. Basi mimi, nilipopewa kumchora kwenye ukuta wa ukumbi huu, nilimchora mwembamba, nywele zikipepea, kama wanavyochorwa malkia wetu wote vitabuni. Mwalimu Sorcha akatazama, akauliza, "Mwanangu, huyu anashindana na farasi au anatangaza manukato? Tumbo liko wapi?"

Akatafuta mjamzito wa kumtazama tukichora. Akampata mama yangu, mwenye miaka arobaini na mitatu na mimba ya miezi sita. Mama akasimama hapa siku nne, mkono kiunoni, akilalamika, "Sorcha, ukininyima chai tena nazalia hapahapa!" Na Macha akatoka kamili: mapaja ya kazi, jasho, tumbo mbele.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ulimwomba Mwalimu alifunike tumbo hilo kabla wageni hawajaja. Alikataa mara mbili. Asubuhi moja tukamkuta Macha amevaa joho jekundu, kutoka shingoni hadi magotini. Ukamshukuru Mwalimu mbele ya wazazi wote, na watu mtaani wakasema hata Sorcha naye kanywea. Yeye akanyamaza.

Joho lile nililipaka mimi. Darasani walikuwa wakinitania, "Líadan, mama yako anakimbia na farasi Jumamosi? Tumwekee dau?" Nikaona haya, na haya yenyewe sikumwonea Macha. Nilimwonea mama yangu mzazi. Mwalimu aliona rangi nyekundu kwenye mkono wa sweta yangu. Alisema tu, "Loweka kwa maji baridi," akaenda zake. Nani kati yetu angebeba aibu isiyo yake kwa miezi miwili, tena miezi yake ya mwisho kazini?

Mama, uliyekaa pale mbele na kujaza viti viwili, nisamehe. Mwalimu, asante kwa kunibebea. Sasa nipe mzigo wangu.

Rangi ya joho lile ni ya maji, ikioshwa inatoka, na ndoo iko hapa nyuma yangu. Bwana Mwenyekiti, siombi ruhusa. Naomba tu usogeze kiti chako, usije ukalowa.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Naanzia tumboni.