Mchoro Nilioufuta, Kikwembe Mulichokivaa

Bandugu zangu, bamama na bababa, naomba mukae. Sina wimbo wa kuanza nao. Niliambiwa mutoa ushuhuda anaanza na furaha, na minyi furaha haijanifikia bado, kwa hiyo nitaanza na ordinateri, kompyuta yangu ya kazi.

Bengi munanijua. Niko mutoto wa reli, na kibanda changu kiko karibu na gare, pale treni inasimama: tunapiga fotokopi, tunaandika barua, tunachora alama za maduka na za shule. Kazi nilijifunza mwenyewe. Muntu akijifunza mwenyewe anajua kufanya vitu vingi bila kujua sababu yake.

Bamama ba kanisa baliponiomba alama ya kikwembe chao cha sikukuu, kile kitambaa bote banavaa, nilifurahi sana. Nilichora taa, mikono miwili imeishika, maneno yakiizunguka. Niliichora kwa programu ya kuchorea, ile inayotunza mistari yenyewe, hata ukiikuza taa ifunike ukuta huu, ukingo wake unabaki safi. Nikatoa JPEG moja ndogo ya kubaonyesha bamama kwenye simu. Bakapenda. Halafu ordinateri ikaniambia imejaa. Nikafuta mchoro, nikabakiza JPEG. Nikasema moyoni, taa si ni ile ile?

Nawaambia, si ile ile. JPEG ni foto. Imejengwa na vinukta vya rangi vilivyohesabiwa, na ukiivuta iwe kubwa, vinukta havizaliani, vinanenepa tu. Tena haijui kuacha mahali patupu. Pale ambapo hukuchora kitu, inaweka weupe.

Imprimeri ya Lubumbashi, kule vikwembe vinapigwa chapa, ikaniandikia: tutumie mchoro wenyewe ao PDF yake, si foto. Pale njo nilianguka. Niliona haya kusema nimeufuta. Nikachukua ile JPEG ndogo nikaitia ndani ya PDF, kama kumuvalisha mbuzi koti, nikatuma kwa mkono wa mama aliyepeleka komande yetu, maombi ya kikwembe. Kule bakaona jina linaishia na PDF, bakapiga chapa.

Kikwembe kilikuja na treni, baada ya kukingojea sana. Balo, ule mzigo wa vitambaa, ilifunguliwa hapa uani, wengi mulikuwepo. Bluu nzuri. Na juu ya bluu, miraba myeupe, na ndani ya kila mumoja taa yenye meno-meno, na maneno ambayo hata mwenye miwani hakuweza kuyasoma. Mama mumoja alikikunja taratibu, akakirudisha kwenye balo.

Sasa, mumukumbuke yule mama aliyepeleka ile komande Lubumbashi. Ni mushonaji. Bantu bakasema yeye njo alichagua imprimeri mbaya. Bakasema na mengine, munayajua kuliko minyi. Na minyi nilikuwa nimesimama pale pale, nikaacha yeye abebe kosa langu.

Sikulia. Ningelia ingekuwa afadhali. Nilifunga kibanda nikalala, nikitazama mabati. Bukari, ugali wetu, haikuwa na ladha, hata na samaki wa ziwa Kisale ambaye mama yangu alimutafuta makusudi. Siku ya sikukuu nilisikia bamama bakipita barabarani na ngoma, bamevaa kile kikwembe kwa sababu hakikuwepo kingine, na moyoni hakukuwa na kitu, hata haya haikuwepo. Hilo lilinitisha kidogo, kisha hata woga ukaisha. Niliambiwa yule mama hakai tena na benzake. Nikajibu, ah bon, yaani kumbe, basi.

Ni yeye aliyekuja. Ilikuwa asubuhi, miezi baada ya sikukuu, na mfuko wa plastiki mkononi. Hakunipa pole.

"Minyi njo nilipeleka ile kitu," alisema, "lakini siyui ni nini nilipeleka. Unielezee."

Miezi yote ile hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikaeleza, vibaya, na maneno ya ordinateri. Akasikiliza. Kisha akanionyesha kwenye simu yake foto ya robe, gauni, ambayo muteja alimutumia, na kutoka kwenye mfuko akatoa karatasi, patron yake ya kukatia, yenye mistari na vipimo.

"Hii foto, naweza kukatia nayo nguo?"

"Hapana, mama."

"Na hii karatasi?"

"Unaweza. Ya mutoto, ya mama munene, yote."

"Basi weye ulitupa patron, ukatuma foto."

"Ndiyo, mama."

"Na ulijua, mbele ya kutuma?"

Nikasema nilijua. Lilikuwa neno langu la kwanza la kweli tangu balo ifunguliwe. Hakunitukana. Alikunja karatasi yake. "Chora tena," akasema. "Minyi niko naikala hapa."

Na kweli akaketi, akashona mikono ya blauzi, nami nikaanza kuifuata taa upya, mustari kwa mustari. Alikuja siku tatu. Siku ya pili haya ilirudi, na iliniuma vibaya, na nilimushukuru Mungu kwa sababu ilikuwa kitu.

Mchoro sasa uko, hapa na kwa fundi mwenzangu wa Kabongo, ili nisiufute tena. Vijana wa kazi hii, tunzeni kwanza mchoro wenyewe. PDF ya chapa itoke ndani yake. PNG ni pale alama inakaa juu ya rangi bila ule mraba mweupe. JPEG ni ya foto, na ya kuonyesha. Na mukiombwa faili ambayo hamuna, semeni hamuna. Utaona haya kwa siku moja tu, na hakuna mwingine atakayeibeba kwa ajili yako.

Namushukuru mama yangu kwa yule samaki. Nabashukuru bamama mulioivaa taa yangu bila kunitukana. Na yule mama, jina lake silitaji. Hakunituma kusema haya. Anajua kweli tangu asubuhi ile, na mpaka leo hajamwambia muntu.

Imprimeri ilichapa kile nilichotuma. Yeye alipeleka kile nilichompa. Aliyedanganya ni minyi.

Nimemaliza. Benchi ya bamama pale mbele iko na nafasi, naiona kutoka hapa. Bamama, mwiteni mwenzenu.