Bi Jawahir binti Muhdhar, Aliyetokea kwa Jirani

Hebu mfikirie akiingia uchochoroni. Kwanza husikika viatu vya wanafunzi wake, kundi zima, kisha hutokea yeye mbele yao, buibui limeshika vumbi la chokaa, utepe wa kupimia umening'inia shingoni kama wa fundi wa nguo. Atawasalimu walioketi barazani mmoja mmoja, aulize habari za mama zao na za magoti ya mama zao. Salamu zikisha ndipo ataugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, atege sikio, aseme: "Huu mzima. Twendeni." Jamaa wanaomba akumbukwe hivyo katika hitima hii, kwa sababu ya mwisho wake yatasimuliwa, na ni mazito.

Marehemu Dkt. Jawahir binti Muhdhar alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale, katika chumba kile kile cha ghorofa ya juu alichofia. Babake, Mzee Muhdhar, alikuwa mchonga milango. Mamake, Bi Mwanaesha, alifunza watoto Kurani sebuleni. Nyumba hiyo na ya pili yake zilijengwa kwa ajili ya mabinti wawili ndugu, ukuta mmoja katikati. Mwaka 1951, kabla Jawahir hajazaliwa, ile ya pili iliuzwa kwa muuza halua mmoja, babu yake Bwana Hadi, jirani ambaye mtamsikia sana hapa.

Alisoma chuoni kwa mamake, kisha shule za hapa hapa kisiwani, na mwaka 1977 akaenda Nairobi kusomea usanifu wa majengo katika chuo kikuu. Darasani wanawake walikuwa wawili tu. Wiki ya kwanza waliambiwa kila mmoja achore nyumba yao. Mwalimu akautazama mchoro wake, akamwuliza, "Mbona ngazi nyembamba hivi?" Akajibu, "Zimezoea watu wembamba."

Alirudi Mombasa mwaka 1984 na kufundisha usanifu na mipango miji hadi alipostaafu mwaka 2022. Alichora pamoja na wanafunzi wake bustani ya ufuo wa Kibarani, palipokuwa jaa la taka, na mchoro ule ungali ukutani kwake. Ila kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa ni utafiti wa kuta na ngazi za Mji wa Kale, alioukamilisha mwaka 1998. Aliingia nyumba moja baada ya nyingine, akapima, akachora, akanywa kahawa ya kila mtu. Kamati ya majengo ya kale ilipoulizwa nani avunje na nani asivunje, ilifungua utafiti huo kwanza, kisha ikamwita mwenyewe.

Wanafunzi wake walimwogopa kwa swali moja. Mtu angeleta mchoro mzuri, vioo na vipambo, naye angeutazama kwa upole, halafu: "Nyumba imependeza, mwanangu. Bibi arusi ataingilia wapi? Na maiti atatokea wapi?" Wengi walirudi kwenda kuchora upya.

Mwaka 2008 Bwana Hadi alimwendea na ombi. Mamake, Bi Amatullah, alikuwa amelemaa miguu, hashuki tena. Hadi alitaka kuvunja ukuta wa nyuma ajenge ngazi pana za kumshushia. Kamati ikamwuliza Jawahir, naye akasema hapana: ukuta ule ni wa asili. Miaka miwili baadaye kamati ilibadili rai yake, lakini Bi Amatullah alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Hadi alizijenga ngazi hizo vivyo hivyo. Aliziita ngazi za mama. Hakugombana na jirani yake. Alimwita tu "mwalimu" tangu siku hiyo, na wote wawili walijua kwa nini.

Nyuma kidogo, mwaka 1986, Jawahir aliolewa na Bwana Zaki, wakala wa kutoa mizigo bandarini, mwenye ofisi Shimanzi, wakajaliwa mtoto mmoja, Khubaib. Zaki alileta kabati la arusi, la mninga, likakwama kwenye kona ya ngazi. Halikupanda, halikushuka, mpaka likakatwa miguu na kurudishwa chini, likawa kabati la viatu maisha yao yote. Zaki alikuwa akisema, "Nimetoa makontena bandarini, nimeshindwa na ngazi za mke wangu." Alifariki hospitalini mwaka 2013.

Februari 2023 Jawahir aliteleza katika ngazi hizo hizo, nyonga ikavunjika. Alipotoka hospitali vijana wanne walimpandisha kwa kiti, mmoja akateguka bega, na Jawahir akaapa hatabebwa tena kama gunia la mchele. Kisha moyo nao ukaanza kumsumbua. Hakushuka tena. Mpwa wake Nasiha, aliyeketi naye na kumuuguza, alimsogezea kitanda karibu na dirisha. Mji wake mwenyewe, alioujua nyumba kwa nyumba, akawa anauona kwa upana wa dirisha moja. Kila asubuhi Nasiha aliteremsha kikapu kwa kamba, Hadi akatia halua kidogo na maneno mengi.

"Bi mwalimu! Kikapu chashuka, mwenyewe hashuki?"

"Kikapu hakitaki kibali, Hadi."

Siku moja alikuwa amelala akiitazama samadari ya nyanya yake, kitanda kipana kuliko lile kabati, cha kuchongwa, kisichofunguka vipande vipande. Akamwita Nasiha.

"Kitanda hiki kilipita wapi?"

"Ngazini, Shangazi."

"Kabati lilikwama. Hiki kilipita wapi? Na nyanya yangu alipokufa humu, kabla sijazaliwa, alitokea wapi?"

 Shangazi mtu alimwamuru Nasiha augonge ukuta wa jirani, shibiri baada ya shibiri, yeye akisikiliza kitandani. Karibu na samadari sauti ilibadilika. Hapo palikuwa na mlango. Mabinti ndugu walipitiana humo, maarusi na maiti wakapita humo kushukia ngazi za zamani za upande wa pili, zilizokwisha kuvunjwa, na nyumba ilipouzwa ukazibwa na kupakwa chokaa vizuri mno. Jawahir alicheka, kisha akalia. Swali alilowauliza watoto wa watu miaka yote hiyo hakuwahi kuiuliza nyumba yake. Na ng'ambo ya mlango ule, mkabala, ziko ngazi za mama.

Alimwita Hadi dirishani, akamwambia yote, akamwomba radhi mtaa mzima ukisikia. Hadi akapaza sauti kutoka chini.

"Nije na mtaimbo sasa hivi?"

"La. Niliwaambia watu wangoje kibali. Mamako alingoja. Na mimi nitangoja."

"Mamangu alingoja, yakaishia wapi?"

Jawahir akaagiza karatasi na kalamu. Aliandikia kamati. Jibu lilikuja baada ya miezi: ukuta huo ni wa asili na haujapata kutobolewa, kwa mujibu wa utafiti wa Dkt. Jawahir binti Muhdhar. Alilisoma, akasema, "Wamesoma vizuri, maskini." Aliandika tena kuwa mwenye utafiti amekosea. Hadi alikuja na mtaimbo mara mbili, mara mbili akamrudisha. Jibu la pili halijafika hadi leo.

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025. Alipokwisha kukoshwa na kukafiniwa, wanaume wakasimama juu ya ngazi na jeneza, lililopandishwa tupu, wima, wakaitazama ile kona iliyolishinda kabati. Hadi akaingia na mtaimbo.

"Ami Hadi," Nasiha akasema, "kibali hakijaja."

"Aliyekuwa akinikataza huyu hapa. Leo hakatazi."

Nyuma ya chokaa hapakuwa na ukuta, ni vifusi tu, kama alivyosema marehemu, na boriti ya juu ya mlango ingali imara. Alipitishwa kwa jirani, akashushwa ngazi pana zile alizozikataa, pole pole, jeneza halikugusa upande wowote. Alizikwa Kikowani baada ya sala ya alasiri.

Ameacha mwanawe Khubaib, mpwa wake Nasiha, wanafunzi wengi, na jirani yake Hadi, aliyetundika pazia upande wake wa mlango na anayekataa kuuziba. Mwenyezi Mungu amsamehe, na amfanyie wasaa kaburini kwake, kwani duniani alibanwa mno.

Nasi tuliobaki, tusiulizane tena juu ya maiti, maana maiti hutolewa, hata kwa mtaimbo. Wewe unayesikiliza, kama kwenu kuna mtu ghorofani: yeye atashukia wapi, angali hai?