Bi. Atipoka Akolgo na Ukuta Usiozikwa

Tarehe 30 Septemba 2024 Bi. Atipoka Akolgo, Karani Mkuu wa Masijala, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Katika miaka hiyo ametumikia wilaya tatu bila kuhama kiti. Aliajiriwa Wilaya ya Tangzie. Mwaka 2004 wilaya ikagawanywa Mashariki na Magharibi, akaamka yuko Tangzie Magharibi. Mwaka 2012 ikamegwa tena, akaamka yuko Tangzie Magharibi Kusini, ambayo katika wasifu huu tutaiita Magharibi tu, tuokoe wino. Kila mgawanyo ulileta mkuu wa wilaya mpya, gari jipya na mihuri mipya. Meza ya Bi. Atipoka ni ileile, na droo yake ya chini bado haifunguki.

Bi. Atipoka ni Mfrafra, mzaliwa wa upande wa Bolgatanga. Sisi wengine hapa ni Wadagaaba, na mmoja wetu huitwa Mdagao. Haihitaji kusemwa zaidi: ni watani. Siku aliyoripoti kazini, karani mmoja, kwa jinsi Wafrafra wanavyotaniwa kwa kula mbwa, alimuuliza mbwa wa mtaani wahesabiwe kabla hajaingia ofisini au baada. Akajibu kwamba asihangaike, mbwa wa Wadagaaba wamekonda kama wenye nao, hawana nyama ya kumtamanisha mtu. Toka hapo hakuna aliyemwita kwa cheo. Amekuwa Mtani kwa wafagizi na kwa waheshimiwa, na kwa haki hiyo ameweza kuwaambia wakuu wa wilaya mambo ambayo mkaguzi kutoka mkoani angeyaandika kwa mafumbo.

Sifa yake ya kwanza ni barua. Wilaya ilipogawanywa, Mashariki hawakuwa na masijala kwa mwaka mzima, kwa hiyo yeye akawaandikia Mashariki na Magharibi kwa pamoja. Asubuhi alipiga chapa malalamiko ya Mashariki dhidi yetu, akayapeleka kusainiwa. Mchana akayapokea, akayagonga muhuri wa kupokelewa, akayajibu kwa niaba yetu. Wakuu wote wawili walimsifu kwa ukali wa lugha. Mmoja wao alisema kwamba sasa wale wa upande wa pili wamejua wanashughulika na nani. Bi. Atipoka aliitikia kwamba ni kweli, wamejua.

Nyingi ya barua hizo zilihusu ukuta. Kwa walioajiriwa juzi, ni ule ukuta wa udongo ulio nyuma ya karakana, mnaoegeshea pikipiki. Babu zetu waliujenga kuwazuia wapanda farasi waliokuja kukamata watu na kuwauza. Kamati ya mipaka ya mwaka 2004 ilikuwa inatafuta mstari, ukuta ukawa mstari uliokwisha kuchorwa, basi wakaupitisha mpaka hapo hapo na kwenda kula chakula cha mchana. Kitu kilichojengwa kuwaweka watu wa Tangzie pamoja ndicho kikatumika kuwatenganisha. Kamati ilipongezwa kwa kumaliza kazi kabla ya muda.

Matokeo yake mnayajua. Wakija wageni na kamera, ukuta ni wa Mashariki na ni wa Magharibi, na kila upande una kibao chake cha kuwakaribisha. Mvua ikiula, ukuta ni wa wale. Faili la matengenezo ni nene kuliko sehemu kadhaa za ukuta wenyewe.

Huku faili likinenepa, Bi. Atipoka alikuwa akichukua likizo ya siku nne kila Januari. Kwenye fomu, penye sababu, aliandika: kumuuguza mzee. Hakuna bosi aliyewahi kuuliza mzee gani. Siku hizo nne alikuwa nyuma ya karakana na wanawake wa pande zote mbili, wamefunga vitambaa kichwani, wakikandika ukuta kwa udongo, samadi ya ng'ombe na maji ya maganda ya mti wa mdawadawa, yanayogandisha udongo. Kazi hiyo kwao ni ya wanawake, naye aliijua tangu utoto. Wanawake wetu wanasema aliwasimanga siku zote nne kwamba Mdagao hukandika ukuta kama anayempaka mtoto uji. Mwaka uliofuata walirudi wote.

Sasa nifike mwaka 2013, na hapa mwandishi hana budi kujitaja. Wilaya ikishamegwa inataka jengo jipya la makao makuu, lenye vioo. Mkuu wetu wa wakati huo, Bw. Gervase Bayuo, alitafuta kiwanja ambacho hakina mwenyewe. Kila shamba lilikuwa na mwenyewe. Ukuta pekee ndio uliokuwa na barua mia moja za kuthibitisha kwamba si wa mtu. Mimi nilikuwa afisa mipango mpya. Ndimi niliyebeba kopo la rangi nyekundu na kupiga alama ya X juu yake mara kumi na nne. Moyoni nilipinga sana. Kwa sauti nilisema ndiyo, mheshimiwa. Naona haya mpaka leo.

Katapila lilifika siku ya soko. Tulimkuta Bi. Atipoka amekwisha kuvaa nguo za msiba, amelala kifudifudi chini ya X ya kwanza, analia kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza viazi vikuu. Alimlilia mzee wetu, aliyewaficha mama zetu wasichukuliwe, na leo watoto wake wanamzika akiwa amesimama. Kisha akanyanyuka, akamwiga marehemu jinsi alivyokuwa akisimama mvuani akingoja barua ijibiwe. Watu walicheka na kulia kwa mkupuo mmoja. Mpiga marimba aliyekuwa sokoni akaleta marimba yake. Marimba ya msiba yakishalia, ni msiba, hakuna wa kubisha. Wanaume wakakaa upande wao, wanawake upande wao. Dereva wa katapila, Mdagao mwenye kufundwa, alizima injini, akashuka, akatoa pole na kukaa.

Bw. Bayuo alikuja mbio. Aliona watu mia tatu wamekaa chini, na karani wake amekalia mguu wa ukuta. Akamuuliza anafanya nini katika saa za kazi.

"Maiti hii nimeishika mimi," alisema Bi. Atipoka. "Haizikwi mpaka wafiwa wanipe kichwa cha mbwa."

Mheshimiwa alikuwa na hasira, lakini yeye pia alizaliwa na Mdagao. Anayemkasirikia mtani msibani hujiaibisha mwenyewe na ukoo wake. Akatabasamu kwa shida, akaagiza mbwa atafutwe upesi, watu waendelee na ratiba. Hapo ndipo Naa, chifu wetu, aliponyanyua mkono. Akasema maiti iliyoshikwa na mtani haikombolewi na mpita njia, hukombolewa na wafiwa. Kwa hiyo Mheshimiwa atangulie kusema: wafiwa ni akina nani? Ni Magharibi?

Nilimtazama Bw. Bayuo akipiga hesabu. Akisema ukuta ni wetu, matengenezo yote ya miaka tisa yanatuangukia sisi, maana barua zake mwenyewe zimesema mwenye ukuta ndiye alipe. Akisema ni wa Mashariki, hana kiwanja. Akisema ni wa wote, lazima awaombe Mashariki waje walie naye. Mwishowe akachukua uamuzi ambao wilaya hii imekuwa ikiuchukua tangu izaliwe. Aliagiza iandikwe barua.

Barua iliandikwa. Nani aliipiga chapa, mnajua. Mashariki wakajibu kwamba suala la ufiwa limepokelewa na linafanyiwa kazi. Limefanyiwa kazi miaka kumi na moja. Katapila lilirudi lilikotoka. Alama zangu kumi na nne zilifunikwa Januari iliyofuata, na mimi nilichukua likizo ya siku nne kuchota maji. Kwa muda wote huo ukuta wa Tangzie umekuwa maiti halali iliyoshikwa na mtani, na hakuna sheria ya serikali iliyoulinda vizuri hivyo.

Wakuu wa wilaya wameondoka, wengine wamekuja. Ramani ya jengo la vioo haijaondoka. Na mwezi uliopita likatokea jambo ambalo halijapata kutokea: wakuu wa Mashariki na Magharibi wamekubaliana. Wamekutana mara mbili, wamekunywa pombe ya mtama katika kibuyu kimoja, na wamepitisha kwamba wao wote ni wafiwa. Kwa heshima ya Bi. Atipoka watampa zawadi ya pamoja siku ya kumuaga. Miaka ishirini tumeomba wapatane kuhusu kisima, zahanati na daraja. Wamepatana kuhusu mbwa. Amefungwa nyuma ya ofisi tangu Jumatatu na anakula vizuri kuliko sisi.

Nilikwenda masijala kumweleza. Nilimwambia kwamba akiipokea tu zawadi hiyo, maiti imekombolewa, na katapila limekwisha kukodiwa kwa Alhamisi. Na asipoipokea, watasema amestaafu, hana tena nafasi ya kushika kitu hapa. Nilikuwa na hofu, na niliionyesha. Yeye aliendelea kufunga faili kwa uzi, akalimaliza, akaliweka mahali pake.

"Kazi ndiyo inayostaafu," alisema. "Utani haustaafu. Waambie nimepata chumba cha kupanga, kule karakana. Dirisha linautazama."

Wasifu huu ulipelekwa kwa wakuu wote wawili uidhinishwe kabla ya kuchapwa. Wa Mashariki aliandika pembeni: asome mwenzangu kwanza. Wa Magharibi aliandika vivyo hivyo. Ndiyo maana mnausoma kama ulivyo.

Bi. Atipoka, kwa niaba ya wafanyakazi wa wilaya zote ulizotumikia ukiwa umekaa palepale, ahsante. Ahsante kwa barua, kwa masimango, na kwa kuniacha nichote maji nilipokuwa sistahili hata kusogea karibu. Ratiba ya leo, kipengele cha saba, inasema zawadi ya pamoja itakabidhiwa kwako na Afisa Mipango, yaani mimi. Nimeagizwa, nami kama kawaida nimesema ndiyo, mheshimiwa. Nitakuja mbele yako na kichwa cha mbwa ndani ya kikapu, nitanyoosha mikono, nami nitasimama hivyo mpaka watu wachoke. Wewe, Mtani, mikono yako iweke nyuma. Tunakutakia maisha mema, marefu, na yasiyopokea kitu.

Eusebius Dakurah
Afisa Mipango