Chupa Mia Moja na Kumi na Nane za Kabati la Saba

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia inawaamkia kwa heshima na kuwaomba utulivu wa dakika chache, ili mpendwa wetu asimuliwe jinsi alivyokuwa, na anayewasomea ni mdogo wake wa kike aliyemfuata ziwa, aliyegombana naye kwa kila kitu kuanzia mto wa kulalia hadi kitabu cha hesabu, kwa hiyo atakayeona marehemu anasifiwa kupita kiasi ajue kwamba kwa mdomo huu sifa hazitoki bure.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya mji, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi saa na mama mshonaji, akalelewa katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya stesheni ya treni, mwendo wa siku nzima kutoka bahari iliyo karibu zaidi, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kutembea kwa sababu kila alipotambaa hatua mbili alisimama kumkagua mdudu. Wageni waliosikia habari hiyo walidhani ni dalili ya mtaalamu wa baadaye, lakini ukweli ni kwamba wadudu wale aliwala.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kuimaliza mwaka 1965, akaendelea na sekondari tangu 1966 hadi 1969, ambako hakuwa wa kwanza wala wa mwisho katika somo lolote, isipokuwa mwandiko, maana katika mwandiko hakuwa na mpinzani, walimu walimwita ofisini kuandika vyeti vya wenzake waliomshinda darasani, naye alikubali bila kinyongo kwa kuwa alijua watu wataitazama herufi kabla ya alama. Kati ya 1970 na 1971 alisomea ufundi wa maabara katika chuo cha mji huu huu, akahitimu, na cheti chake mwenyewe alikirudisha kwa msajili mara mbili, kwamba jina lake limeandikwa vibaya, si kwa makosa, bali kwa mkono mbaya.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa na jumba la makumbusho, idara ya wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo, kama mtunza vielelezo msaidizi, katika chumba cha chini ya ardhi chenye madirisha madogo yaliyotazamana na miguu ya wapita njia, makabati tisa ya chuma, meza moja ya marumaru, na chupa zaidi ya elfu mbili za mdomo mpana zenye konokono, kaa, konyeza, pweza, jongoo bahari na viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota, wote wamehifadhiwa ndani ya spiriti. Kazi yake ilikuwa kuongeza spiriti iliyopungua, kubadilisha vifuniko vilivyochoka na kuandika upya lebo zinazotumbukizwa ndani ya chupa pamoja na mnyama, zikitaja jina lake, mahali na tarehe aliyookotwa, na jina la mtu aliyemtambua, kwa sababu baada ya miaka michache ndani ya spiriti wanyama wote hugeuka rangi moja, ile ya chai ya maziwa, na chupa isiyo na lebo haina faida kwa mtu yeyote.

Alimkuta pale mtunza vielelezo aliyemtangulia kazini kwa miaka miwili, binti mwembamba, mkavu wa maneno, ambaye wenzake walimwita Bi Macho kwa kuwa aliweza kumtambua kaa kwa kuona ncha ya mguu mmoja, na huyo ndiye aliyemfundisha marehemu kazi, pamoja na sheria ya kwanza ya chumba kile, kwamba lebo huandikwa kwa penseli tu, kwa sababu spiriti huyeyusha wino.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 19 Agosti 1978 na karani wa posta ambaye marehemu alikwenda kwenye kaunta yake kununua stempu siku kumi na nne mfululizo, ilhali yeye hakuwa na mtu wa kumwandikia barua, na siku ya harusi, alipopewa nafasi ya kuwashukuru wageni, alieleza kwa dakika ishirini jinsi jongoo bahari anapobanwa na adui anavyomtapikia matumbo yake yote, akaenda zake, na baada ya wiki chache yakaota mengine, akihitimisha kwamba ndoa nayo yahitaji moyo wa namna hiyo. Bibi harusi alicheka hadi shela ikaanguka, wakwe hawakucheka. Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 7 Mei 1980, na mapacha wa kiume waliozaliwa tarehe 30 Novemba 1984, wote wapo hapa, na wote watatu walijua kuhesabu mioyo mitatu ya pweza kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Sasa tunafika mwaka 1986, na msomaji anawaomba mvumilie, kwa sababu historia za namna hii kwa kawaida huruka hapa na kwenda moja kwa moja kwenye kustaafu, lakini marehemu alikataza tusiruke.

Mwezi Aprili mwaka huo Bi Macho alikuwa likizo ya wiki tatu, na marehemu, akiwa peke yake na chupa mia moja na kumi na nane za kabati la saba, aliona lebo zake za penseli zimefifia na zinamtia aibu, akachukua kalamu ya wino wa bluu aliyozawadiwa kwa kutimiza miaka kumi kazini, akaziandika zote upya kwa ule mwandiko wake wa vyeti, akatumbukiza, akazichana za zamani, akasimama kuzitazama, na kwa maneno yake mwenyewe, alijiona mfalme. Sheria aliijua, ila alijiaminisha kwamba wino ule wa bei kubwa hautatoka, na daftari la kumbukumbu za kabati lile lilikuwa limeliwa na mchwa miaka mitano nyuma, kwa hiyo hapakuwa na nakala popote. Bi Macho alirudi, akaongeza spiriti katika kabati la saba kwa kuwa ilikuwa zamu yake, na baada ya siku chache mkuu wa idara wa wakati huo aliposhuka na mgeni alikuta lebo zote nyeupe kabisa na spiriti imekuwa ya kibuluu. Mkuu yule alikuwa mtaalamu wa ndege waliokaushwa, mambo ya spiriti hakuyajua, akakata shauri kwamba Bi Macho amemimina spiriti ya kuwashia majiko, ile yenye rangi, ikafuta maandishi, akamuuliza marehemu kama anajua lolote, na marehemu, mwenye mke, binti na mapacha wasiotimiza hata miaka miwili, akajibu kwamba hajui.

Tarehe 2 Juni 1986 Bi Macho aliondolewa maabara, akapelekwa dirisha la tiketi mlangoni, akakaa hapo miaka kumi na tisa hadi alipostaafu mwaka 2005, na wengi wenu mliozuru jumba lile na watoto wenu mnamkumbuka kwa jina la Mama Tiketi, bila kujua kwamba mliyempa kiingilio chenu ndiye aliyewafahamu wanyama wa ndani kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Marehemu alipewa kazi ya kuzitambua upya chupa zile, na hakuweza, kwa hiyo alifanya jambo ambalo hata leo msomaji hajui kama alitazame kama ujasiri au utovu wa haya, alitia chupa moja kwenye mfuko wa nguo, akapanda ngazi saa za chakula cha mchana, akaenda kuisimamisha mbele ya dirisha la tiketi na kuuliza huyu ni nani. Bi Macho aliitazama chupa, akamtazama yeye, kisha akaanza kumfundisha, kwamba huyu mwenye unyayo mpana na gamba zito anaishi kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi, asiposhika atasombwa, na huyu ndugu yake mwenye gamba jembamba na mrija mrefu anaishi ndani ya matope na huvuta pumzi kwa mrija, huyu kaa mgongo wake una vishikizo kwa sababu hujipachika vipande vya sifongo ili adui amdhanie jiwe, na huyu kiti cha pweza hulitoa tumbo lake nje, akala, akalirudisha, kwa hiyo usimtafutie meno. Alisema mnyama haulizwi jina, anaulizwa unaishi wapi na unajikingaje, na jina litakuja lenyewe. Chupa moja baada ya nyingine, kwa miaka mitano, foleni ya wageni ikisubiri, zilitambuliwa zote mia moja na kumi na nane, na katika kila lebo, kwa penseli safari hii, pale panapoandikwa jina la aliyetambua, marehemu aliandika jina lake mwenyewe.

Kwa kazi hiyo alipewa cheti Desemba 1991, akapandishwa cheo kuwa mtunza vielelezo mkuu mwaka 1992, akafundisha vijana wengi, mmoja wao akiwa mkuu wa idara wa sasa ambaye yuko nasi, na aliwafundisha kwa upole na kwa maneno ya Bi Macho, neno kwa neno. Alistaafu tarehe 31 Machi 2011. Alikuwa baba mwema, mume wa kuchekesha, kaka asiyesahau kupiga simu, na familia inayasema hayo bila kuyapunguza, kwa sababu hayo nayo ni kweli.

Marehemu alianza kuugua figo Septemba 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya rufaa, na mwezi Februari mwaka huu wa 2023 alimtuma mdogo wake huyu amwite Bi Macho, ambaye alikuja hospitalini na chungwa moja kwenye mkoba, akalimenya polepole huku akimsikiliza mgonjwa akitoboa yote tangu kalamu hadi cheti. Alipomaliza, Bi Macho alisema, "Wino niliujua tangu wiki ile ya kwanza. Idara nzima kalamu ya bluu ilikuwa moja." Marehemu akauliza kwa nini basi alimsaidia, naye akajibu, "Wale wanyama walikosa nini?" Marehemu akaomba msamaha, na hapo yule mama akafuta vidole vyake, akasema, "Mimi unaniambia nilichokijua miaka thelathini na saba. Waambie wasiojua." Akamwachia nusu ya chungwa, akaondoka.

Kuanzia siku ile marehemu aliomba makumbusho karatasi za lebo na orodha ya kabati la saba, akaletewa bila kuulizwa za nini, akawa anakaa kitandani na ubao magotini, na penseli, akiziandika upya lebo za kabati lile, kila moja ikiwa na jina la mnyama, mahali alipookotwa kama walivyoweza kupakisia, na pale pa aliyemtambua, jina la Bi Macho. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya mwandiko ule wa vyeti, na msomaji alipomtania kwamba sasa ameandika kama yeye, alicheka na kusema afadhali zisomeke kuliko zipendeze. Alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa tisa alasiri, akiwa ameandika lebo themanini na tatu.

Haikuwa rahisi kuyaleta haya mbele yenu. Juzi tulipokaa kuandaa historia hii, baba yetu mdogo alikumbusha kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, kwamba makaburini si mahali pa kufukua, na wengi tuliona ana haki, na mke wa marehemu, ambaye habari hii aliisikia kwa mara ya kwanza akiwa amekaa kando ya kitanda kile cha hospitali, na ambaye katika ndoa ya miaka arobaini na minne alikula mkate wa cheo kile pasipo kujua, aliinuka akaingia chumbani, akafunga mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia mgonjwa aliyewaeleza kila siku kwamba kuna wanyama wasio na figo kabisa na wanaishi vizuri tu, majirani walioleta viti, maji na mikono yao, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, na wote ambao kwa kukosa nafasi hatukuwataja. Mbele yenu nyote inatamkwa kwamba lebo za kabati la saba zilifutika kwa kalamu ya marehemu, kwamba Bi Macho, aliyekaa safu ya tatu kutoka nyuma, hakuwa na kosa, na kwamba chupa mia moja na kumi na nane zilitambuliwa na yeye.

Mkuu wa idara anaombwa asogee apokee sanduku hili. Ndani yake mna lebo mia moja na kumi na nane, kamili, themanini na tatu kwa mkono wa marehemu, na thelathini na tano kwa mkono wa mke wake, aliyetoka chumbani jana asubuhi akiwa amezimaliza, kwa penseli.

Pumzika kwa amani, kaka yangu.