Mganga Mpya na Daraja la Kwanza

Hapa Karema, kabenchi ketu kako pale boti zinapopakia, na kahawa nauza mimi. Kila asubuhi wanakaa Obadia, tunamwita Gavana kwa sababu marehemu baba yake alimpikia mzungu, na Faustini, tunamwita Wakili, ambaye hata kesi ya shamba lake alishindwa. Leo siku ya tatu wamemshika kijana Gervas, mganga mpya wa zahanati ya kijiji cha mbele huko, barabara haifiki. Barua yake ya kazi inasema asafiri daraja la kwanza. Sasa boti zetu hizi za mbao, daraja litoke wapi?

— Usipande, mjukuu wangu, Gavana anamwambia. Enzi za mkoloni, bwana shauri mpya, mkuu wa wilaya, alikuja kwa meli daraja la kwanza. Karani wake la pili. Baba yangu na mbwa, juu, kwenye mvua.

— Mbwa wa ofisa alale nje? Wakili kadakia. Thubutu! Alikuwa na kitanda.

— Basi baba peke yake. Ukipanda na kuku, cheo kinashuka. Hakipandi tena mpaka pensheni.

— Kweli, mzee? Gervas anauliza.

— Sheria hiyo! Mzungu mmoja walimpa kitanda chini ya cha padri. Aligeuza meli nzima, ikarudi Ulaya.

— Na watu ndani?

— Hadi padri!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Wakili akasema. Wewe unataka cha juu. Usiiname!

Nikatua birika, pwaa.

— Nyie wazee mna akili kweli? Bwana shauri nilimuona, nikiwa kasichana. Baba yangu alimbeba mgongoni asilowe viatu. Yule alikuja kutoza kodi! Huyu anakwenda kuzalisha.

— Bibi, siyo kiburi. Nikiachia haki yangu siku ya kwanza, watanidharau.

— Watakudharau vipi, hata hawajakuona?

Boti ikafika. Dada mmoja akashuka, akaja mbio, kitenge kimelowa.

— Shikamooni wazee. Wifi yangu yumo botini, ana uchungu tangu jana. Zahanati yetu imefungwa. Tuliambiwa mganga mpya yuko njiani tangu juzi.

— Ndiyo, mwanangu, Gavana akasema, sauti chini.

— Sasa mbona hatujapishana naye?

Wakili akaangalia ziwa. Gavana akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Gervas alishafungua begi, anatafuta glovu. Kisha akaingia majini na viatu vyake, akaelekea botini.