Riwaya Tuliyoikata Vipande

Kijiwe chetu ni benchi moja lenye mguu uliofungwa waya, mkabala na lango la hospitali. Mimi nakaa upande wa birika la kahawa kwa sababu birika ni langu. Upande wa pili hukaa Soli, fundi viatu, ambaye jina lake la kuzaliwa nalijua lakini halina kazi. Katikati hujibana Wembe, kinyozi, na Cheche, mchomeleaji vyuma. Hao wana vibanda vyao, ila mteja akikosekana huja kwangu kulalamika. Kinachotuunganisha ni riwaya za upelelezi. Ikitoka mpya tunachanga, tunanunua moja. Ya mwisho Wembe aliikalia mpaka tukasahau kama kuna mtu aliyekufa, kwa hiyo hii mpya Soli aliichukua, akaikata kwa kisu chake vipande vinne na kushona kila kimoja kwa uzi wa viatu, ili watu waanze kusoma kwa pamoja. Cha kwanza Cheche, cha pili Wembe, cha tatu Soli mwenyewe, cha mwisho mkewe, Mama Pacha. Wakimaliza watabadilishana. Mimi macho hayataki tena herufi ndogo. Nasimuliwa, tena na watu wasiojua kusimulia.

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa ng'ambo ya barabara, mezani kwa daktari, anatolewa uvimbe tumboni. Soli wauguzi walikuwa wamemfukuza kwenye korido kwa kumsimamisha kila aliyevaa nguo nyeupe, hata mfua mashuka. Simu alimwachia shemeji yake, mdogo wa mkewe, maana kila ikiita alikaribia kuanguka. Basi akaja kijiweni. Kiatu cha mteja mkononi, sindano haiingii, macho langoni. Nikawakonyeza wenzake: semeni kitu.

WEMBE: Mimi nasema riwaya mpya ya kusoma ni ile usiyoweza kuibashiri. Hii yetu imo.

MIMI: Nyingi za siku hizi zinaanza na mvua na simu inayoita. Ukifika ukurasa wa tatu unatamani uuawe wewe.

CHECHE: Hii haina mvua, Bibi. Imeanza na jeneza. Limepigiliwa misumari, watu wa nyumba nzima wamelizunguka, na hakuna anayelia. Halafu hadithi inarudi nyuma, kwenye chanzo. Niliisoma mpaka chuma cha mtu kikaungua.

MIMI: Hiyo ndiyo riwaya. Isiyokuunguzia kitu irudishe dukani.

CHECHE: Na aliyemuua marehemu ni mlinzi. Funguo zote anazo yeye. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

MIMI: Apone vipi na yuko kwenye jeneza?

Soli akacheka. Kidogo tu, kama mtu anayekohoa, lakini shingo iligeuka ikaliacha lango. Nikamwongezea kahawa. Ndipo Wembe, ambaye ulimi wake haujawahi kupitia kichwani kwanza, akaharibu.

WEMBE: Mlinzi wapi! Kwenye kipande changu mambo yako peupe. Ni daktari wa familia. Aliingia chumbani na mkoba, akafunga mlango, na aliyekuwa mle ndani hakuonekana tena akiwa...

Akameza neno. Lilikuwa limeshatoka nusu, na nusu ilitosha. Soli aliweka kiatu chini.

MIMI: Endelea, Wembe. Mmalize na huyu.

WEMBE: Bibi, si hadithi tu?

SOLI: Na kwangu yumo.

CHECHE: Nani?

SOLI: Daktari. Kwenye kipande cha tatu anatoka nje ya nyumba, ana damu kwenye mkono wa shati.

Kuanzia hapo hapakuwa na mtu anayemtafuta muuaji. Tulikuwa tunamtafutia daktari wakili.

MIMI: Ulitaka awe na nini mkononi, unga? Daktari asiye na damu ni kinyozi.

WEMBE: Hata mimi huwa natoka na damu, Bibi.

MIMI: Ndiyo maana nywele zangu namwachia binti yangu.

CHECHE: Tena hiyo damu inamtetea! Muuaji ananawa. Wa kuogopa ni mtu msafi. Kwenye kipande changu kuna shangazi mmoja, kila akisimama ananawa mikono.

WEMBE: Shangazi! Hata mimi simwamini. Ana kufuli kwenye mlango wa jiko. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

MIMI: Kufuli nayo imefunzwa na nani?

SOLI: Lakini shangazi alikuwa safarini. Kwangu ndiyo kwanza anarudi na mizigo.

CHECHE: Basi ni pacha wake.

SOLI: Ana pacha?

CHECHE: Atakosaje? Wewe nyumbani kwako si unao?

SOLI: Wangu hata kamba za viatu hawajui kufunga.

WEMBE: Acheni pacha. Nyumba ndiyo iliyoua. Ile ngazi ya mbao! Kipande changu kizima watu wanapanda, watu wanashuka, ngazi inalia. Haba na haba hujaza kibaba. Leo ubao mmoja, kesho wa pili, mwisho mtu chini, pu!

CHECHE: Ngazi ina sababu gani ya kuua mtu?

WEMBE: Ukanyagwe wewe kila siku, halafu uniulize sababu.

Hapo nilikaribia kukubaliana naye. Lakini Soli hakuwa nasi tena. Alikuwa amerudi langoni kwa macho.

SOLI: Bibi, yule daktari wa leo umemwona? Mdogo mno. Ndevu hata hazijajaa.

MIMI: Wazee mikono hututetemeka. Ungependa atetemeke?

SOLI: Hapana.

MIMI: Basi mshukuru mama yake aliyemzaa juzi. Kunywa.

Hakunywa. Wembe akaanza kumtetea daktari upya, safari hii kwamba ule mkoba ulikuwa mtupu. Cheche akadai damu ile ni rangi ya mlango. Walikuwa wanasema uongo kwa bidii ambayo wangeitia kwenye kazi zao wangekuwa matajiri.

Lango likafunguka. Akatoka shemeji yake Soli, viatu mkononi, anavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Soli akakiokota kiatu cha mteja, akakishika kwa mikono miwili.

SHEMEJI: Shemeji! Katoka. Mzima! Uvimbe wote umetolewa, na daktari kasema haukuwa ule mbaya.

Soli alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha akachukua nyundo na kukigongea msumari kiatu cha mteja mahali ambapo hapakuhitaji msumari. Wembe alimkumbatia Cheche, wakakumbuka hawapendani, wakaachana. Mimi nilimwaga vikombe vyote nikamimina upya, maana kahawa ilikuwa imepoa mikononi mwa watu.

SOLI: Ameamka?

SHEMEJI: Ameamka.

SOLI: Amesema kitu?

SHEMEJI: Kitu kimoja. Kanishika mkono kabisa, kaniambia nije mbio nikuambie.

Soli akafuta uso kwa aproni, akakaa vizuri. Alikuwa anasubiri jina lake, maskini.

SHEMEJI: Anasema kipande chake alikimaliza jana. Muuaji anamjua. Si daktari.

CHECHE: Nilisema!

MIMI: Ulisema pacha.

SHEMEJI: Ila mwandishi kule mwisho anasema marehemu, marehemu, jina hatoi. Sasa dada anauliza: aliyeuawa ni nani?

Cheche alikuwa wa kwanza kufunua kipande chake.

CHECHE: Kwangu jeneza limefungwa. Halifunguliwi. Mimi nilidhani ni mpishi.

WEMBE: Mpishi kwangu anapika mpaka ukurasa wa mwisho. Mle chumbani nilisikia sauti tu, mwandishi hakusema ya nani. Nikajua ni mzee mwenye nyumba.

SOLI: Mzee kwangu yuko hai, anakunywa chai! Mimi nilidhani nyinyi mnamjua.

Wote wakanigeukia mimi, ambaye sikusoma hata neno. Asubuhi nzima tumemsaka muuaji, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na maiti.

SHEMEJI: Kwa hiyo nimjibu nini?

Soli alikuwa ameshasimama. Akampokonya Cheche kipande chake, akampokonya Wembe chake, akavikumbatia na cha kwake juu ya aproni, akavuka barabara anakimbia. Shemeji mtu yuko nyuma, hata viatu hajavaa. Pale langoni askari alimzuia Soli kumuuliza anakwenda wapi, nasi tukamsikia akijibu kwa sauti kubwa, anacheka, kama mtu aliyeletewa habari njema ya pili:

– Kwa mke wangu! Nakwenda kumwambia hatujui!