Fundi Celina Igoki na Mikanda ya Jumatatu

Tarehe 31 Julai 2024, Fundi Celina Igoki anarudisha ufunguo wa karakana ya Ushirika wa Mazao wa Thuci baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Kwa kanuni zetu angeweza kukaa miaka mingine mitatu. Anaondoka mapema kwa hiari yake, na sisi tunaobaki hatujaipenda hiari hiyo hata kidogo.

Alikuja Meru mwaka wa 1991 kutoka Gachoka, akiwa na cheti cha ufundi, ovaroli ya kuazima na Kimbeere ambacho wenyeji wa gereji walijifanya hawakielewi. Mzee Kithinji, mkuu wa karakana wakati huo, alimkabidhi ufagio. Celina alifagia asubuhi, na mchana akafungua kabureta. Haukupita muda mrefu ufagio ukapata mwenyewe mwingine. Mzee Kithinji alipostaafu mwaka wa 2003, hakuna aliyeuliza nani atashika nafasi yake, na tangu hapo madereva humwita Mama Fundi.

Magari ya zamani yalikuwa na mikanda midogo miwili au mitatu mbele ya injini. Ukikatika mmoja, ulijikokota hadi nyumbani kwa ile iliyobaki. Kisha yakaja haya ya mkanda mmoja mrefu unaojipinda huku na huku na kuzungusha kila kitu: altaneta, pampu ya maji na pampu ya stelingi. Huo ukikatika, betri haichaji, injini inachemka na usukani unakuwa mzito ghafla. Aliyewahi kuteremka Mitunguu kuchukua ndizi anazijua zile kona, na anaelewa kwa nini Celina hakuwa na mzaha na mkanda.

Kila Jumatatu alfajiri, kabla injini hazijapata joto, magari yalipangwa uani na kuwashwa moja baada ya jingine. Mkanda uliochoka hulia ukiwa baridi, na baridi hapa Meru tunayo ya kutosha. Celina alisimama mbele ya gari, mikono mfukoni, macho ameyafumba. Gari likizimwa aliingiza tochi, akaupindua mkanda kutazama mbavu zake: nyufa, mng'ao, nyuzi zinazochungulia. Ukiwa haufai, alisukuma kikaza, chuma kinachoubana mkanda, kwa spana ndefu akautoa, kisha akazungusha kila puli, vile vigurudumu mkanda unamopita, kwa kidole, sikio likiwa karibu. Puli yenye beringi mbovu hutoa mkwaruzo mdogo tu, na kufunga mkanda mpya juu ya puli kama hiyo ni kujidanganya. Kwa kuwa michoro ya kiwandani hubanduka, chini ya kila boneti alichora njia ya mkanda kwa rangi nyeupe. Mpaka leo gari letu likiharibikia mbali, mafundi wa huko hutuuliza mchoraji ni nani.

Madereva nao ni watu. Gari likizuiwa Jumatatu, safari anapewa mwingine. Ndipo wakagundua sabuni ya kipande. Ukiisugua kwenye mkanda, kilio hunyamaza kwa muda wa kutosha kumpita fundi. Wake zao walishangaa sabuni za nyumbani zinaishia wapi, maana nguo zilikuwa zilezile na waume hawakuonekana kuwa wasafi zaidi. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwaka wa 2009 mkanda wa Mutegi, dereva wa lori la ndizi, ulikatika akiteremka Mitunguu, ukinukia vizuri kabisa. Usukani ukamgomea, lori likaingia shamba la watu, na Mutegi akavunjika mguu. Bado anachechemea. Celina alikwenda kumwona hospitalini kila Jumapili na hakumkaripia hata siku moja, ila kuanzia hapo akawa ananusa mikanda kabla ya kuitazama. Mutegi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaonya madereva wapya: "Huyu mama utamdanganya saa ngapi? Asiposkia, atanusa."

Mikanda iliyokwisha aliipeleka Gachoka, akafungia mizinga ya nyuki ya baba yake juu ya miti. Wakati fulani alituletea asali, akasema imetoka kwa lori la Mutegi.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuparuka. Mtu hawezi kukaa miaka yote hiyo kando ya injini zinazonguruma bila kulipia. Mwanzoni tulidhani anatupuuza. Tulimwita kwenye chai, haji. Simu yake iliita mezani mpaka ikachoka. Yeye mwenyewe alilaumu mafua, nasi tukalaumu mafua pamoja naye.

Kisha mwaka jana, msimu wa maembe, dereva wetu Ngari aliondoka uani na pikapu yenye mkanda mpya uliofungwa na Celina asubuhi hiyo. Alipofika karibu na Gachoka, puli ya kikaza ilikwama, mkanda ukaruka, injini ikachemka. Maembe yakashinda juani. Hakuna aliyeumia. Celina alipomuuliza kama alikuwa amesikia sauti yoyote, Ngari alitazama chini. "Mimi sijaskia kitu, Mama Fundi. Hiyo ni jua tu." Ukweli ni kwamba sote tuliokuwa uani tuliusikia mkwaruzo ule. Tulifikiri kama yeye ameupitisha, basi si neno.

Hatukuitisha mkutano. Jumatatu iliyofuata Mutegi alimwendea Celina kabla gari halijawashwa, akamwambia karibu na sikio: "Mama Fundi, yangu leo inalia vibaya. Hata usijisumbue kuskiza, fungua tu." Ngari akafuata na yake, halafu wengine. Watu ambao hawakuwahi kukiri kasoro ya gari hata mara moja sasa walipanga foleni kama Wakatoliki kabla ya Pasaka. Sabuni zikarudi majumbani. Mwaka mzima hapakuwa na gari lililotukwama barabarani, na sisi tukajiona werevu.

Celina si mtoto. Aprili hii aliingia katika ofisi ya uchukuzi, ninakofanya kazi ya ukarani, akafunga mlango na kuketi. "Karwirwa," akaniambia, "dereva wa hapa hajawahi kunishtakia gari yake mwenyewe. Saa hii wananishtakia wote. Masikio yangu yameisha, na nyinyi mlijua mkanyamaza. Kwa nini?" Nilimmiminia chai, na hakuinywa.

Meneja wetu, Bwana Muthamia, alimwomba abaki, asimamie stoo ya spea mpaka miaka yake itimie. Celina alishukuru, akakataa. Alisema stoo ina mwenyewe, na yeye akibaki karibu na magari tutaendelea kumtetea. Siku moja dereva atasahau kumwambia, na mtu atakayekuwa barabarani siku hiyo hajui kwamba sisi tunampenda.

Tangu hapo Jumatatu ni za Kanana, msaidizi wake, aliyefundishwa naye kazi hii kwa miaka saba. Kanana husimama mbele ya gari akisikiliza. Celina husimama ubavuni, haitazami injini, anautazama uso wa Kanana. Uso ukikunjamana, yeye huwa tayari ameshika spana. Juzi nilisimama dirishani nikiwaangalia, nikashindwa kuendelea na kazi.

Mama Fundi, leo kuna hotuba nyingi, na spika zilizokodiwa zina kelele kuliko lori lolote ulilotengeneza. Tunajua sehemu kubwa haitakufikia, na kwamba utapiga makofi pale utakapoona wengine wanapiga. Kwa hiyo sisi wa uchukuzi tumeomba maneno yetu yachapwe, kwa herufi kubwa, ili uyasome mwenyewe polepole ukiwa nyumbani. Asante kwa kila mkanda, na kwa kila dereva aliyelala kwake. Tunakuombea Gachoka yenye mvua ya kutosha, mizinga iliyojaa, na watu wanaokaa karibu wanapozungumza nawe.

Uliniuliza kwa nini tulinyamaza. Nimewauliza na wenzangu, na jibu letu ni moja: tulijua kwamba siku tutakapokwambia, ndiyo siku utakayoondoka.